Pindo la Vidole Vinne

Jumatatu, 6 Januari

Shule zinafunguliwa wiki ijayo — foleni mpaka barazani! Wote wimbo mmoja: fundi, tushushie pindo. Nimejitakia. Gauni la chekechea naliachia pindo la vidole vinne. Mwaka ukipita nafumua, nalishusha bure. Leo nimeshusha kumi na moja.

Afande naye kaja — mama jirani, tunamwita hivyo kwa jinsi anavyowaamrisha wanawe. Binti yake nimemshushia vidole vyote vinne, bado magoti nje! Na umri ni sawa na wa Kibonge, binti yangu, miaka minne. Nikamuuliza, huyu unamlisha mbolea? Akacheka: anakula tunachokula, ila mezani haondoki mtu.

Maskini mtoto. Mimi wangu simlazimishi. Akikataa, basi.

Jumanne, 7 Januari

Nimetoa gauni la Kibonge kabatini nalo nilishushe. Nikamvisha. Linafika pale pale! Pindo la mwaka jana halijaguswa.

Nguo imetanuka? Pamba haitanuki, hurudi. Nikampima mara tatu, nikafungua daftari la vipimo. Mwaka jana, bega mpaka goti, inchi ishirini na moja. Leo ishirini na moja na robo.

Mama anasema ukoo wetu wafupi. Mama huyo huyo ananipita kichwa!

Alhamisi, 9 Januari

Gauni la binti wa Afande nimelipeleka mwenyewe, saa ya chakula cha mchana. Kusudi. Umbea tu, nakiri. Nilitegemea kukuta fimbo mezani.

Wapi! Amekaa na mtoto, simu kaiweka mbali. Wali, maharage, yai, mboga. Mtoto akigeuza uso, anangoja, anamsimulia kitu, anajaribu tena. Nusu saa nzima! Amri zote zile, mezani hana hata moja. Haondoki mtu — kumbe na yeye haondoki.

Na mimi? Chai ya rangi na biskuti kwenye kona ya cherehani, mguu uko kwenye pedali. Akisema sitaki, moyoni nashukuru, kazi inaendelea. Na hilo nikaliita upole. Aibu imenishika.

Jumatatu, 13 Januari

Niko kliniki, kwenye benchi.

Nesi kamsimamisha Kibonge kwenye ubao wa kupimia urefu. Akatazama kadi, akatazama ubao, akatazama kadi tena. Nikawahi kusema, huyu tangu mchanga tunamwita Kibonge! Hakucheka.

Akauliza mtoto anakula nini. Nikaanza: nesi, huyu mchaguzi sana, nami simlazimishi... Kibonge akanikata. Chai. Na chakula mama akimaliza kushona.

Nesi akainama, akamuuliza taratibu: anamaliza saa ngapi?

Kibonge kafikiri weee. Akasema, bado hajamaliza.

Tumeambiwa tumsubiri daktari. Kadi kabaki nayo nesi. Sijui wataniambia nini, sijui kama vidole vile vinne alivyokosa bado vinaweza kufidiwa. Nitauliza. Nitauliza yote, hata wakinicheka.

Kibonge ananivuta mkono, anataka kujua nashona nini humu daftarini. Ngoja niache —