Mistari ya Chaki Nyuma ya Pazia

Mama Agathe,

Minye ni mama wa nyumba hapa Uvira, nakuomba unisikilize kwanza ndipo unigombeze, maana usingizi umenikimbia, bwana yangu Octave anachanganya mafuta ya kamyo, yale malori ya mizigo, ku depo, esanse, yaani petroli, na mafuta ya taa, na tangu vita ya waasi ianze kule juu milimani na esanse ianze kukosekana, yeye anachora mistari ya chaki ku ukuta wa chumba chetu, nyuma ya pazia, mistari mitatu iliyonyooka na kupitana, na pale miwili inapokutana anatia musalaba, nikimuuliza anajibu ni mambo ya kazi, basi nikamwambia jirani yangu Generose, ambaye bwana yake Pierre ni musaidizi wa Octave kule kule depo, naye akashika kinywa, akasema hizo ni barabara, moja ya Kamanyola, ingine ya Bijombo, na musalaba ni pale waasi watatokea, tangu siku ile Octave akikohoa tu minye nashtuka, na juzi mistari ilibaki vile vile lakini musalaba ukahamia kona ingine, na kabla sijamwambia muntu Generose akaja akaniambia, "Alama imehama, si ndiyo? Nenda kwa basoda wa serikali mbele hawajakuja kwako," sasa weye niambie, nikimsema watamuua, nikinyamaza na iko kweli tutakufa na watoto, nifanye nini?

Honorine

Honorine (si jina lako, humu gazetini majina nimeyabadilisha yote, maana hata wino unaua siku hizi),

Pole. Lakini masikio yako umemwazima jirani. Barabara ya Bijombo uliiona wapi imenyooka?

Ndugu yangu anafanya kazi kama ya Octave na anachora vivyo hivyo. Mstari mmoja ni mafuta ambayo kamyo zinahitaji. Mwingine unazuia mafuta ya taa yasizidi, injini isije ikakataa. Wa tatu ni esanse iliyobaki. Asivuke hata mmoja, na gharama ndogo kabisa ataikuta penye kona, pale mistari miwili inapokutana, ndipo anapotia msalaba. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi, kona nzuri ilikuwa ya kumimina mengi. Sasa yamepita esanse kwa bei, muulize yeyote anayewasha taa. Kwa hiyo mistari imetulia, msalaba umehama. Waasi hawangoji bei ya mafuta ya taa.

Octave naye simsifu. Mume anayemjibu mkewe nusu neno wakati kama huu anajitafutia kaburi.

Lakini weye, hukujiuliza Generose alijuaje? Hukumwambia kuwa msalaba umehama, na pazia lilikuwa limefungwa. Aliyeona mchanganyiko umebadilika ni Pierre. Basi wale wawili wanajua vizuri sana mistari ile ni ya nini.

Kwa basoda usikanyage. Leo Octave akirudi, mwambie yote, na lile neno ulilompa Generose usilifiche. Aufute ukuta mbele yako, na kuanzia kesho achoree depo, mbele ya shefu wake wa kazi. Generose akija mpe kiti, mpe chai, neno usimpe. Na akikuhimiza tena uende kwa basoda, mtazame machoni umuulize: Octave akichukuliwa, kazi yake atapewa nani?