Alama Kwenye Ufito wa Mama

Chumba cha juu,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla ya lolote. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa najua ukiambiwa upumzike unajifanya husikii. Na wanangu hawajambo? Natumaini yule mdogo kikohozi kimemwacha. Mimi ni mzima wa mwili. Baba Mdogo naye yupo. Masikio yanazidi kugoma lakini ulimi uko timamu, na kila asubuhi tunapata hotuba yake.

Barua yako ilifika Jumanne. Mwandiko wako bado ni ule ule, kama kuku amepita kwenye majivu, ila safari hii sikucheka. Nimesoma pia karatasi uliyoiambatanisha, yale malalamiko dhidi ya daktari aliyempasua Mama, na nimeiona nafasi uliyoniachia chini niweke saini. Unasema saini yangu ndiyo yenye uzito, kwa kuwa mimi ndiye ninayebuni vyuma hivyo na najua kinachovivunja. Ni kweli, najua. Ndiyo maana nimekaa na karatasi hiyo siku tano.

Hapa nyumbani cherehani ya Mama iko pale pale dirishani. Nimeifunika shuka, maana kila nikipita nilikuwa nauona uzi mweusi aliouacha kwenye tundu la sindano. Kopo la vifungo nililihamishia kabatini, Baba Mdogo akalirudisha mezani.

Kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri, na kosa ni langu, kwani kila uliponiuliza nilikujibu kwa majivuno. Ni hivi. Pingili ya mgongo ikibonyea, kama ile ya Mama, daktari hufunga skrubu kwenye pingili za juu yake na za chini yake, kisha hulaza fito mbili za titani, chuma chepesi kisichopata kutu, moja kila upande, akizikunja pale pale zifuate umbo la mgongo, ziushike mpaka mfupa uunge. Skrubu na fito hizo tunazibuni sisi karakanani. Tukishachora na kuchonga, tunafunga ufito wa mfano kwenye mashine inayoukunja na kuuachia mara milioni tano, tuone kama utachoka. Chuma nacho huchoka, Kaka.

Sasa titani ina tabia moja: haipendi kukwaruzwa. Mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, ukiwa pale ufito unapokunjwa, ndipo ufa huanzia. Kwa hiyo tuna sheria kwamba ufito ukishang'arishwa hauguswi na kitu chochote chenye ncha. Mkuu wetu, tunayemwita Babu Hadubini kwa jinsi asivyobanduka kwenye hadubini yake, aliwahi kutupa fito sita kwa sababu ya pete ya mtu mmoja. Na kila mgeni anayeanza kazi, mimi ndiye ninayemfundisha sheria hiyo.

Nimezunguka vya kutosha. Hebu niseme lililonikaba.

Unaikumbuka alama ya Mama, ile mishono miwili ya uzi mwekundu inayopishana, aliyoitia ndani ya ukosi wa kila nguo yetu tusije tukaipoteza shuleni. Wewe ulikuwa unaifumua kwa aibu, naye anairudisha, mkawa mnakwenda hivyo muhula mzima.

Fito za Mama nilizibuni mwenyewe. Mifupa yake ilikuwa midogo na imelegea, miaka arobaini ya kuinamia cherehani si mchezo, na vipimo vyetu vya kawaida vilikuwa vinene kwake. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Siku ya mwisho, zikiwa zimeshakaguliwa na ziko mezani kwangu zikisubiri kuoshwa, nilichukua sindano ya kuchorea nikaitia alama ile kwenye ufito mmoja. Mistari miwili inayopishana, midogo kama punje ya ufuta. Niliona vibaya kile chuma kiingie mwilini mwake kama mgeni, bila kitu cha nyumbani.

Usidhani sikufikiri. Niliichora upana wa vidole viwili kutoka ncha moja, nikihesabu kwamba ncha hiyo itakaa chini, kwenye skrubu za mwisho, ambako ufito hulala umenyooka. Mkunjo ungekuwa juu, kwenye pingili iliyobonyea. Lakini ufito hutoka kwetu umenyooka, hauna kichwa wala miguu, na sikumwambia mtu kwamba wa Mama unavyo. Daktari aliushika kama ulivyomjia mkononi. Ncha yenye alama ikaenda juu, akaukunja pale pale.

Jioni ya kuamkia upasuaji nilimnong'oneza Mama nilichofanya. Alicheka mpaka nesi akaja kuchungulia.

"Basi sitapotea, Mdadisi," akasema. "Wakiniokota watajua pa kunirudisha."

Alitembea miezi minane. Alirudi kwenye cherehani nusu saa kwa siku, na mimi ananiambia ni robo. Kisha asubuhi ile akainama kuokota kifungo. Baba Mdogo, asiyesikia hata mlango ukigongwa, anasema aliisikia sauti ya kuvunjika. Mengine unayajua: upasuaji wa pili, siku tatu za matumaini, halafu bonge la damu lililopanda mapafuni.

Usichokijua ni kwamba siku mbili baada ya mazishi daktari aliniita ofisini kwake, chumba chembamba chenye viti viwili na beseni la kunawia. Alinipa vipande viwili vya ufito vikiwa vimefungwa kwenye bandeji. Ufa ulikuwa umepita katikati ya ile mistari. Akaniuliza kama alama ile ni ya karakana. Nikasema hapana. Alinawa mikono, na haikuwa na uchafu wowote.

"Chukua," akasema. "Wakiniuliza, nitasema chuma kilichoka."

Tangu hapo Baba Mdogo anamwita mchinjaji mbele za watu, na yule bwana siku hizi hupita barabara ya nyuma asikutane naye. Watu wakija kutupa pole wanamsema hapa hapa sebuleni, nami nawamiminia chai bila kufungua kinywa.

Nimekaa hivyo mwezi na nusu. Nilijiambia nawakinga ninyi na uchungu wa pili. Uongo mtupu. Nilikuogopa wewe, Kaka, niliogopa siku utakayoniangalia na usiniite tena Mdadisi. Mama alipotukuta tuna homa tumeificha alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilitangulia, na bado nikaendelea kuficha. Nilipoiona karatasi yako, na jina la mtu asiye na hatia limeandikwa juu kwa ule mwandiko wako niliojifunzia kusoma, nilijua siwezi tena.

Juzi Ijumaa niliingia kwa Babu Hadubini nikaweka vipande vile mbele yake. Aliviweka chini ya hadubini yake. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Wewe ndiye unayewafundisha wenzako." Nimesimamishwa kazi mpaka wakae kikao, na kila ufito niliowahi kuugusa unatafutwa ukaguliwe upya. Hawatapata mwingine, nilifanya hivyo mara moja tu, lakini wana haki ya kutoniamini. Kesho nakwenda kwa daktari kumwambia mzigo huu autue.

Baba Mdogo nilimwambia jana. Nilimwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia, na ile ya pili ilibidi nipaze sauti mpaka jirani wa chini akazima redio. Alivaa kofia akatoka. Hajanisemesha tangu hapo, ila leo asubuhi nimekuta kikombe changu kimeoshwa na kufunikwa.

Karatasi yako nakurudishia bila saini. Kama ni lazima pawe na jina pale juu, futa la daktari uandike langu. Sikuombi unisamehe kwa barua, wala sikupangii siku. Ukitaka kuninunia mwaka mzima, ninunie, una haki. Ninachoomba ni umwache yule mtu.

Nimsalimie nani nimwache nani? Msalimie wifi, umwambie dawa ya kuchua goti aliyoniagiza nimeipata. Wasalimie wanangu wote, na yule mkubwa mwambie shangazi yake hajasahau ahadi ya kumfundisha kuchora. Mpe pole mama mkwe wako kwa macho yake. Mwenyezi Mungu awafunike ninyi nyote, awape usingizi ambao mimi sijaupata, na amlaze Mama mahali pasipouma mgongo.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni lile koti ulilokuwa ukimdai Mama tangu mwaka juzi. Alikuwa amelimaliza, kikabaki kifungo kimoja tu, nacho nimekishona mimi, kwa hiyo usikivute kwa nguvu. Ukigeuza ukosi utaiona alama yake, uzi mwekundu, mishono miwili. Safari hii usiifumue.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata usiponijibu,

Mdadisi