Jalala la Mama

Kaka,

Huku tu wazima. Paka amezaa tena, hana haya.

Mtaalamu wa mimea ninayembebea vifaa msituni jana alihesabu aina sitini mahali pamoja. Kwingine hazifiki ishirini. Akaniuliza, "Mzee, ni udongo au mvua?"

"Ni jalala la mama, bwana. Majivu na maganda ya miaka arobaini."

Akacheka. "Acha utani! Hati ya hifadhi inasema humu hamjawahi kuishi mtu."

Hati hiyo uliisaini wewe. Ukapewa ofisi, sisi tukafukuzwa, nami nikakusitiri kama ndugu. Leo nimempeleka huyo mtaalamu hadi kwenye kaburi la mama, humo humo msituni. Hakucheka. Aliuliza aliyesaini ni nani, nikamtajia jina lako polepole, asije akakosea herufi.

Mdogo wako