Behewa la Mabeseni ya Dagaa

Dodoma

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limepoa na mvua za huko Mkuyuni hazijakuharibia dagaa kwenye vichanja. Mimi mwili ni mzima, ila roho inanisuta. Nimeona aibu kukupigia simu. Dada Kabula akusomee barua hii, asiruke hata neno.

Unakumbuka mkutano wa pale Buzuruga, watu wa mipango walipokuja na kamera kuuliza fedha za mkoa ziende wapi, kupanua barabara kuu au kuanzisha treni ya abiria wa mjini? Picha zile za video zililetwa ofisini kwetu, maana sisi ndio tunaopendekeza. Jumanne tukakaa kuzitazama, nikakuona umesimama na kitenge chako cha sikukuu. Ukasema barabara ni nzuri, lakini hata ikiwa pana kama uwanja wa mpira, konda hapakii beseni la dagaa. Ikija treni, iwe na behewa moja la sisi wenye mizigo inayonuka. Chumba kizima kikacheka. Mama, na mimi nilicheka.

Kisha ukamalizia: "Mwanangu yuko huko huko Dodoma kwenye mambo hayo, atawaeleza vizuri kuliko mimi."

Bosi akageuka. "Jamani, huyo mtoto wake ni nani?"

Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu. Tulipopiga kura, barabara ikachukua karibu fungu lote, na mkono wangu ulikuwa juu. Barabara inahitajika kweli, magari ya wagonjwa yanakwama pale kila siku. Lakini kilichonyanyua mkono wangu ni woga, si wagonjwa. Mwacha asili ni mtumwa, ulituambia tangu utotoni.

Jana nikaenda stendi kuchukua ndoo ya dagaa uliyonitumia, na ujumbe wa Kabula: "Mama anasema uwagawie wakubwa zako, wamsikilize vizuri." Konda wa daladala ya kwanza akanusa tu. "Braza, hiyo hapana. Subiri ya nyuma." Ya nyuma nayo ikanikatalia. Nikatembea na ndoo mpaka nyumbani, na suti yangu. Dagaa ndio walionisomesha, na sikuwahi hata siku moja kukuuliza ulikuwa unafikaje sokoni.

Pendekezo halijasainiwa, kikao cha mwisho ni Alhamisi. Nitaomba barabara ipanuliwe pale inapobana tu, fedha zinazobaki zianzishe treni, pamoja na behewa lako. Wanaweza kukataa, sitakudanganya.

Mshukuru Kabula kwa kukusomea, umsalimie mjomba wa Sengerema na ng'ombe wake, na mama jirani anayekusaidia kuanika.

Dagaa sijamgawia mtu. Alhamisi naingia na ndoo kikaoni, naiweka juu ya meza, inuke. Bosi akiuliza ni ya nani, safari hii sitatafuta kalamu.

Mwanao anayekuomba radhi,
Masanja