Dakika Kumi na Tisa Kibandani

Hattenrode, 4 Julai

Mwanangu Jost,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Ingvild, na kwamba mvua ya Bergen imewaachia walau siku moja ya kuanika nguo. Mimi sijambo. Shinikizo la damu limetulia, nyanya zimeanza kuiva, na kibanda cha kutangazia uwanjani kimepakwa rangi mpya ya kijani ambayo si kijani chetu. Nimelalamika kwa maandishi.

Nakuandikia ili usilisome jambo hili gazetini kabla hujalisikia kwangu. Klabu imesajili mshambuliaji. Ni Torben Ahlers.

Nimeandika jina lake zima kwa makusudi, nione kama mkono utakubali. Umekubali. Mdomo ni suala jingine.

Habari ilitoka Jumanne saa nne asubuhi. Kufika saa sita, baa ya Bi Piontek ilikuwa imejaa kama siku ya matanga. Stachowiak, kiongozi wa mashabiki, alikuwa amepanda juu ya kreti la bia, skafu shingoni katika joto hili.

"Miaka kumi na miwili amevaa jezi ya Brahmstedt," alisema. "Anatufunga, halafu anatutolea ulimi. Leo ndio tumpigie makofi?"

"Stachowiak, msimu mzima uliopita tumepata mabao ishirini na manane," Bi Piontek alimjibu huku akifuta bilauri. "Na matatu kati ya hayo walijifunga wapinzani wenyewe."

"Bora tushuke daraja na heshima zetu."

"Heshima haiandikwi kwenye ubao wa matokeo, baba."

"Wewe unauza bia tu. Tukishinda unauza, tukifungwa unauza."

"Mkifungwa nauza zaidi. Kwa hiyo nikisema nataka mshinde, niamini."

Walicheka, lakini azimio lilipita. Unaijua desturi yetu: bao likiingia, mimi naita jina la kwanza la mfungaji, uwanja unajibu jina la ukoo, mara tatu. Kwa miaka thelathini na mmoja sijawahi kuita nikakosa jibu. Sasa wamekubaliana kwamba Ahlers akifunga, watanyamaza. Kisha Stachowiak akanigeukia.

"Na wewe, Mzee Alfons, usiliite kabisa. Kwa ajili ya goti la Jost."

Mwenyekiti wa klabu, kwa upande wake, amenipigia simu kunikumbusha kwamba kazi ya mtangazaji ni kutangaza. Tangu hapo situlii mahali pamoja. Nainuka, nakaa, nainuka tena. Jana nimeupima uzio wa bustani mara mbili kwa kamba yangu ya kazini, ingawa nimestaafu upimaji ardhi na uzio haujasogea.

Nimeamua: sitaliita jina lake. Ninafanya hivi kwa ajili yako, na ningependa unijulishe kwamba unakubali.

Baba yako,
Alfons

*

Bergen, 13 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua imefika salama na sisi tu wazima. Ingvild amerudi kwenye mtambo wa mafuta baharini, zamu ya wiki mbili, kwa hiyo napika mwenyewe na nakula vibaya. Goti langu linajua hali ya hewa kuliko redio.

Kuhusu Ahlers, fanya uonavyo. Wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Ninachoomba ni kimoja: usiseme ni kwa ajili yangu.

Nyanya zile ndefu, zimetoka mwaka huu?

Mwanao,
Jost

*

Hattenrode, 19 Julai

Mwanangu,

Nafurahi kusikia u mzima, ingawa neno "vibaya" kuhusu chakula halinipendezi. Mimi sijambo. Nyanya ndefu zimetoka, ila zina madoa.

Sentensi moja katika barua yako imeninyima utulivu. Unaandika nisiseme ni kwa ajili yako. Nimeisoma kwa namna zote zinazowezekana. Ama wataka niliite jina lake, ama wataka nisiliite lakini kwa sababu nyingine, na sababu nyingine sina. Mimi binafsi hajanikosea kitu. Mwenye goti ni wewe. Basi kama si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya nani?

Jumatano walifanya mazoezi ya wazi. Watu mia tatu walikuja kumzomea, idadi ambayo hatuipati kwa mechi za kirafiki.

"Ahlers, umepotea? Brahmstedt ni kushoto pale kwenye mzunguko."

"Nimeuliza njia," akajibu huku akifunga kamba za viatu. "Wakaniambia bia ya kule ina maji."

Watu kadhaa walicheka, kisha wakatazamana kama walioiba. Stachowiak hakucheka.

"Maneno anayo," alisema. "Tutaona kama na miguu anayo."

Anayo. Lazima niseme kweli: mashuti tisa kwa mguu wa kushoto, saba wavuni. Baada ya mazoezi alinifuata hadi chini ya ngazi ya kibanda, akavua kofia. "Bwana Wieczorek," alisema, na nadhani alikuwa na jambo la kuongeza. Nilipanda ngazi, nikavuta mlango. Nilikaa mle ndani hadi nilipomwona ameondoka, nikipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Nijibu kwa ukamilifu. Nakuomba.

Baba yako,
Alfons

*

Bergen, 28 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumai moyo na damu yako viko sawa, maana nitakuandikia mambo ambayo nimeyabeba miaka kumi na mmoja, na sitaki yakudhuru.

Unataka ukamilifu. Ilikuwa dakika ya sabini na moja. Mpira ulikuwa wa watu wote wawili, mimi na Ahlers. Tuliuendea sote, yeye akachelewa kidogo tu. Alikuwa na miaka ishirini. Sauti niliyoisikia gotini kwangu naye aliisikia, nikaona uso wake ukibadilika rangi kabla ya wangu.

Nikiwa kwenye machela nilitazama juu kibandani. Nilikuona dirishani. Ukasema, "Anatoka, nambari nne, Jost," na uwanja ukajibu "Wieczorek" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Sauti yako haikutetereka. Nilidhani unashuka. Nilimwambia daktari, "Subiri, baba yangu anakuja." Tukasubiri mlangoni pa gari la wagonjwa. Nikakusikia ukitangaza mchezaji aliyeingia badala yangu, kisha kona, kisha kadi ya njano.

Dakika kumi na tisa, Baba, na nyongeza nne. Bi Piontek ndiye aliyenisimulia yaliyofuata: kwamba ulitangaza idadi ya watazamaji, ukawashukuru wageni kwa kuja, ukamtafuta mwenye gari la bluu lililoziba njia ya mabasi. Ulifika hospitalini saa moja jioni.

Ahlers alifika kabla yako. Hili hulijui. Alikuja na viatu vyake vya kuchezea mpira, matope mpaka magotini, akakaa kwenye kiti ambacho wewe ulikuja kukikalia baadaye. Alisema tu, "Sijui niseme nini," akabaki hapo mpaka muuguzi alipomtoa. Kila mwaka mwezi huo ananiandikia kadi. Mimi namjibu.

Kwa hiyo liite jina lake. Mimi na yeye tulishamalizana zamani. Ukilinyamazia, utakuwa unamwadhibu kwa kosa la mtu mwingine.

Mwanao,
Jost

*

Bergen, 14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na saba zimepita bila neno lako, na wewe ni mtu anayejibu hata barua za kampuni ya maji. Bi Piontek anasema kwa simu u mzima, umekonda kidogo, na umeupima uzio wa jirani.

Nina jambo moja la taarifa. Ijumaa tarehe 30 watalifungua goti tena, mara ya tatu. Safari hii wanasema ama nitatembea bila fimbo, ama fimbo itakuwa yangu moja kwa moja. Jumamosi saa nane mchana mtaalamu wa viungo atanisimamisha kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo kila kitu kitajulikana. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa hiyohiyo. Ingvild atakuwa baharini hadi Jumanne.

Sikuombi kitu. Najua Jumamosi hiyo kuna nini.

Mwanao,
Jost

*

Hattenrode, 20 Agosti

Mwanangu Jost,

Nimepokea barua zako zote mbili. Mimi sijambo. Natumai nawe hujambo, kwa kadiri goti linavyoruhusu.

Uniwie radhi kwa kimya changu. Nimeandika rasimu tano za jibu la barua yako ya tarehe 28 na kuzichana zote, kwa kuwa kila moja ilianza kwa kueleza wajibu wa mtangazaji, na kila moja, nilipoisoma upya, ilikuwa utetezi ambao hakuna aliyeuomba. Kwa hiyo nitakueleza yaliyotokea uwanjani Jumamosi iliyopita, jambo ambalo naliweza.

Dakika ya thelathini na tatu Ahlers alifunga kwa kichwa. Watu elfu mbili waliruka, kisha wakakumbuka azimio lao wakakaa. Niliwasha kipaza sauti. Nikasema, "Torben."

Kimya. Nilisikia bendera zikipigwa na upepo. Ahlers alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akitazama nyasi.

Nikasema mara ya pili, "Torben." Sauti moja ya kike ikajibu kutoka kibanda cha soseji: "Ahlers. Haya, nimesema mimi, mwenye tatizo asile." Watu wakaanza kucheka.

Nikasema mara ya tatu. Nakadiria waliojibu walikuwa arobaini. Stachowiak hakuwamo, ila niliona midomo yake ikicheza. Baadaye alinisubiri chini ya ngazi.

"Umetusaliti, Mzee Alfons."

"Nimetangaza bao."

"Na goti la mwanao?"

"Goti la mwanangu lina mwenyewe," nilimwambia. "Nimemuuliza."

Alinishika mkono kunisaidia vidato vya mwisho, kitu ambacho hajawahi kukifanya, nami sikuwahi kukihitaji.

Tarehe 31 saa nane mchana tunawakaribisha Brahmstedt. Tiketi zimekwisha. Ahlers ataanza dhidi ya klabu yake ya zamani, na mwenyekiti anasema sauti yangu haijawahi kuhitajika kama siku hiyo. Nimekwisha kupanga karatasi.

Nakutakia operesheni njema.

Baba yako,
Alfons

*

Bergen, 26 Agosti

Barua imefika. Nimeelewa. Tangaza vizuri.

Jost

*

Bergen, hospitalini, ghorofa ya chini
Jumamosi 31 Agosti, saa saba na dakika arobaini mchana

Mwanangu Jost,

Sikuulizi hali, kwa kuwa muuguzi amekwisha kunieleza: umelala vizuri, umekunywa supu, umegombana na mto. Mimi sijambo, ila ndege ilinichosha na kiti nilichokalia kina mguu mmoja mfupi kwa milimita nne hivi.

Barua yako ya mwisho ilinifikia Alhamisi. Haikuwa na salamu, na hukutia neno "mwanao". Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Bi Piontek, ambako Stachowiak alikuwa anakula, nikamwekea ufunguo wa kibanda kando ya sahani.

"Huu wa nini?"

"Jumamosi utatangaza wewe."

"Mechi ya watani? Mzee, unaumwa?"

"Nina safari."

Aligeuza ufunguo mara mbili, kisha wazo likamjia, nikaliona likimpanda usoni.

"Na yule jamaa akifunga?"

"Utaita jina lake la kwanza. Mara tatu. Usilimeze."

"Mimi? Mbele ya Brahmstedt?"

"Chukua bia," Bi Piontek alimwambia. "Hii ya leo ni ya bure, maana sijapata kumwona mtu akiadhibiwa vizuri hivi."

Nilimwachia maelekezo kurasa nne. Nilipokuwa natoka, alinifuata hadi barabarani na kitambaa chake cha kufutia mdomo bado kifuani. "Mzee Alfons," alisema, "siku ile mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba machela. Alikuwa anakuulizia." Nilimwambia kwamba sasa najua.

Zile rasimu zangu tano zilikuwa ndefu. Jibu ni fupi. Niliogopa, Jost. Kibandani nilijua la kusema baada ya kila tukio, kwa kuwa limeandikwa. Chini, kando ya machela, hapakuwa na karatasi. Nikalitafuta gari la bluu kwa dakika sita zaidi ya ilivyohitajika.

Muuguzi amekubali kukuletea ukurasa huu, lakini mlango hafungui kabla ya saa nane kamili. Ni mtu makini, namheshimu, na namchukia. Wakati mpira unaanza kule, mimi nitakuwa nabisha hodi huku. Sikuchukua redio. Matokeo tutayasikia yakishafika.

Mfukoni nina nyanya ndefu tatu. Nimechagua zisizo na madoa.

Mwambie huyo mtaalamu wa viungo asubiri mlangoni, baba yako anakuja. Usisimame kabla sijafika.

Baba yako