Ukindu Niliokuwa Nikiukunja Mimi

Baba yangu mpendwa,

Mungu akulaze pema, lakini leo nina hasira na wewe, na sitaimeza.

Unaikumbuka gereji yetu ya Gerezani, na mimi nimekaa nyuma ya pazia la gunia nikisuka mikeka? Ikiletwa motokaa na injini yake ikafumuliwa, ulikuwa ukinipitishia kipande cha ukindu ulichokikata sawasawa na upana wa silinda. Mimi nakikunja katikati, maana hesabu inataka nusu ya upana, si upana wote. Nusu hiyo naizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha kwa ishirini na mbili, nagawa kwa saba. Halafu nazidisha kwa mwendo wa pistoni na kwa idadi ya silinda. Hapo ukubwa wa injini umeshapatikana.

"Ninong'oneze tu, mwanangu," ulikuwa ukisema. "Wateja wakisikia sauti ya kike watakimbia."

Basi nanong'ona, na wewe unatoka kifua mbele kuwatangazia. Jioni unaniletea kashata, tunacheka jinsi walivyotoa macho. Nilikupenda mno, baba. Ndiyo maana inaniuma.

Ulipougua, wateja walikuja kukujulia hali mpaka ukumbi ukajaa. Nilikaa miguuni pako nikingoja useme neno moja tu, kwamba hesabu ni za huyu. Ukaomba maji.

Sasa gereji anayo baba mdogo. Nilimwomba kazi, akaniambia nirudi kwenye mikeka. Juzi nilimpelekea chakula, nikamkuta na mzee mmoja wa Kariakoo anayebeba nazi kwa lori. Injini ya lori imepasuka, anataka nyingine. Baba mdogo akampimia injini kuukuu ya motokaa ndogo, na ukindu hakuukunja! Inchi mia sita na kumi na sita za ujazo, anasema, bila haya. Injini ya kubebea mabwana wawili na miavuli yao! Lori la nazi lingepanda kilima gani?

Sikunong'ona. Niliweka bakuli chini, nikauchukua ukindu nikaukunja mbele yao. Upana inchi tatu na nusu, nusu yake moja na robo tatu. Mwendo wa pistoni inchi nne, silinda nne. Nikasema kwa sauti mpaka mafundi wa jirani wakageuka:

"Mia moja hamsini na nne! Baba mdogo, umeongeza mara nne!"

Mzee akanitaka nirudie polepole, akihesabu na yeye, akaona kweli. Nikajua sasa nimepata kazi. Akamgeukia baba mdogo, akatikisa kichwa.

"Marehemu alikuwa fundi, wallahi! Tazama, hata binti yake kakariri."

Wote wakainua mikono wakakuombea dua. Baba mdogo akanirudishia bakuli langu.

Nikaitikia amina, maana wewe ni baba yangu. Lala salama, na hesabu zangu.

Binti yako,
wa nyuma ya pazia