Nguzo za Wodi ya Wazazi

Mdogo wangu kipenzi,

Natumaini homa imekuachia. Mimi mzima, ila viatu vyote vimeisha kwa matope ya hapa tunapojenga wodi ya wazazi.

Mumeo ananikirimu mpaka naogopa. Kila nikifika ananiwahi getini na kiti na chai. "Shemeji, ramani umeshachora, pumzika. Zege niachie mimi." Nguzo alizipiga plasta harakaharaka kabla sijazikagua. Hapo nikaanza kumshuku. Chuoni walinicheka nilipotumia likizo kuchanganya zege na mjomba, lakini bila likizo zile ningekunywa chai nikaridhika.

Jana alipotoka, niligonga nguzo moja kwa nyundo. Ikalia kama debe tupu. Nilipobandua plasta, zege likamomonyoka mkononi kama makombo ya mkate. Niliwawaza kina mama watakaolala pale na vichanga vyao, nikasimamisha kazi.

Aliporudi hakukasirika. Alicheka. "Shemeji, haya tuyamalize kifamilia. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," nikamjibu, nikaenda kumweleza mganga mkuu wa hospitali. Nguzo zinabomolewa, na mumeo ameondolewa. Kwake utasikia mengine.

Sikuandikii ili nikugombanishe naye. Ila nyumba yenu aliijenga mwenyewe, na hakutaka niikanyage mpaka ilipokwisha kupakwa rangi. Mchukue mtoto, mkalale kwa mama mpaka nije kuikagua. Akiuliza, mwambie mama anaumwa.

Ni mimi, dada yako akupendaye.